Mkokoteni Ulioingia Sindo

Kila Desemba watu huniuliza filamu zangu bora za mwaka ni zipi, na mimi huanza kujibu kabla hawajafunga mdomo. Sijui kunyamaza kuhusu filamu. Mambo ya kanisa naweza kuyanyamazia. Siasa nainyamazia kabisa, maana nashona fulana za pande zote. Lakini ukiniambia filamu fulani ni tamu na mimi najua ni takataka, nitakufuata hadi kwenu nikueleze, na chai yako nitakunywa nikiendelea kukueleza.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nilizaliwa Migori mjini, nikaletwa Sindo, huku kando ya ziwa, na kazi hiyo hiyo ya kushona, na sijaondoka. Wenyeji wananiita nyar Migori, binti wa Migori. Hata bibi harusi niliyemshonea gauni akarudi kushonewa nguo za mtoto hanijui kwa jina lingine. Mkabala na kibanda changu kuna banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji. Hilo ndilo banda letu la sinema. Siku nyingi linaonyesha mpira, lakini Jumapili saa nane mchana huwa ni filamu, na hapo mimi nina kiti changu, benchi la pili, upande wa ukutani. Atakayekikalia atanijua.

Kwetu filamu haina jina la kwenye kasha. Jina la kasha ni la wenyewe waliotengeneza, sisi tunaipa jina kwa kile kilichotokea ndani. Ukisema "Ile ya Mtu wa Shoka" Sindo nzima inajua, na mtu atakuonyesha hapo hapo barabarani vile shoka lilivyorushwa.

Basi mwaka huu, ya tatu kwangu ni Ile ya Mpishi wa Jeshi. Maadui wanakuja, kambi nzima inatoroka, jenerali ndiye wa kwanza kukimbia, na mpishi anabaki kwa sababu maharage hayajaiva. Huyo mtu anachochea moto huku mabomu yanalia. Maadui wanafika, wana njaa, wanamkuta na sufuria. Sitasema zaidi. Nilicheka hadi mteja aliyekuwa akingoja suruali akadhani nimeshikwa na kifafa.

Ya pili ni Ile ya Mama wa Lori. Usidhani mimi ni wale wanaosema filamu nzuri lazima ikulaze usingizi. Wacha! Napenda watu wapigane, na napenda wapigane vizuri. Huyu mama anaendesha lori la mbao, genge linamzibia njia usiku wa mvua, na anashuka na jeki. Jeki tu! Hana bunduki, hana karate. Ameshika jeki na ana hasira za mtu aliyelala kwenye kiti cha dereva wiki nzima. Nilisimama kwenye benchi. Waliokuwa nyuma yangu walinitukana, nami nikawatukana, tukaendelea.

Na ya kwanza, mfalme wao, ni Ile ya Mkokoteni. Lakini hiyo sikuiona bandani. Niliipata nilipoenda Migori kununua vitambaa. Kijana mmoja huko ana kibanda cha kuweka filamu kwenye flashi, na kila nikimtembelea ananiongezea moja juu, ile ambayo wengine wamekataa. "Hii haina DJ, mathe," aliniambia. Filamu zetu nyingi huja na sauti ya DJ aliyezitafsiri kwa Kiswahili na kuzitia mizaha, mpaka adui akikufa unacheka. Hii haikuwa na mtu yeyote. Watu waliongea lugha yao ya mbali, ya nchi ya milima na baridi, na maandishi ya Kizungu yakipita chini. Niliiangalia kwenye simu, nimeiegemeza kwenye cherehani. Ilipokwisha nilibaki nimeshika kipande cha kola mkononi, na sijui nilikishika muda gani. Nikaianza tena.

Wiki hiyo hiyo mwenye banda akanipa habari. Yeye ni mtu wa mpira, mpira kwa damu. Hata mazishini anaweza kukuuliza matokeo. Alikuja kuchukua kaptura yake akasema, kama mtu anayesema bei ya nyanya, kwamba Januari ikifika Jumapili nayo inakuwa ya mpira.

"Na filamu?" nikamuuliza.

"Filamu watu wanaangalia kwa simu, madam. Mnakuja wangapi? Wewe, yule wa boda, na wale wanaokimbia jua."

"Bosi, hiyo Jumapili ni yetu."

"Benchi ndizo zenu. Na zimejaa hewa."

Yawa! Damu ilinipanda hadi masikioni. Sikiliza, mimi sina shamba, sina mume wa kugombana naye, sina runinga. Nina mguu unaosukuma cherehani Jumatatu hadi Jumamosi, na nina Jumapili saa nane. Hapo mguu unapumzika na kichwa kinatoka Sindo, kinaenda kinapotaka, kinarudi jioni kimeshiba. Ukinichukulia hiyo, unaniachia cherehani peke yake. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa vile mtu anaogopa akiambiwa njia ya kwenda kwao itafungwa.

Kwa hivyo nikapiga moyo konde. "Nipe Jumapili moja," nikamwambia. "Filamu nichague mimi, bila kiingilio. Banda likijaa, Jumapili inabaki ya filamu. Lisipojaa, weka mpira wako, na mimi sitafungua mdomo tena."

"Hutafungua mdomo?" Akatabasamu. "Hiyo peke yake ni faida. Jumapili gani?"

Nikataja Jumapili iliyofuata, maana nilikuwa nimewaka na sikutaka kupoa. Alikubali haraka mno. Alitoka na kaptura yake begani akipiga mluzi, na mimi, mjinga wa watu, nikadhani nimemshinda.

Nilizunguka soko lote na habari zangu. Niliwaambia wauza mboga, wauza mafuta ya taa, wachuuzi wa samaki. Kila mtu alisema "Sawa, nyar Migori," kwa upole uliozidi kawaida kidogo. Ni dani aliyenifungua macho. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na huyu hakuwa bibi yangu wa damu, alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mkubwa kuliko wote pale ufukoni, mwenye mdomo ulionolewa siku zote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kiuno.

"Hiyo Jumapili yako," akasema, "usiku wake kuna mbalamwezi?"

"Mimi nitajuaje, dani?"

"Ndiyo maana. Ndiyo maana! Huyu mtoto wa Migori, wa miwa na tumbaku, atatuua na kicheko."

Kule kwetu Migori mjini, mwezi ni taa ya dharura stima ikipotea, basi. Huku ni bosi wa kila mtu. Omena huvutwa kwa taa juu ya maji usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hutawanyika, mitumbwi inalala, na watu wanapata nafasi ya kuishi. Harusi za Sindo, michango, kutembelea wakwe, yote yamepangwa wiki za mbalamwezi, na hakuna anayekuambia maana hakuna anayedhani kuna mtu mzima asiyejua. Jumapili yangu ilikuwa katikati ya giza totoro. Wanaume wangekuwa ziwani usiku kucha, mchana wamelala kama magogo. Na wanawake wangekuwa ufukoni tangu asubuhi, wameanika omena kwenye nyavu kuukuu, wanaigeuza, wanafukuza kuku na yangeyange. Nani angeacha mali yake juani akaangalie picha?

Nilienda kwa mwenye banda mbio. Alikuwa ananingoja, naapa.

"Ulijua!" nikamwambia.

"Kila mtu Sindo anajua."

"Basi tusogeze mbele, wiki ya mbalamwezi."

"Neno ni neno, madam. Si wewe uliyechagua?"

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Si ujanja wake, ujanja ni wa biashara. Ni kwamba nimeishi hapa miaka yote hii, nimewapima viuno na mabega, na bado sijui kitu ambacho mtoto wa chekechea anakijua.

Jumapili ikafika na jua la kupasua mawe. Ufuko wote ulikuwa unang'aa, omena kila mahali, nyavu zimegusana ncha kwa ncha. Sikuwahi kuona omena nyingi hivyo. Nilipita katikati ya wanawake na leso yangu nzuri nikiwaomba mmoja mmoja, na walinihurumia, ndio ukweli.

"Tungependa," mmoja akaniambia huku akigeuza. "Lakini hii nitaiacha na nani? Nimwachie kuku?"

"Njoo wiki ya mbalamwezi," mwingine akasema, "tutakuja hata na waume zetu."

Saa nane nilifungua banda. Ufunguo ulikuwa kwangu, siku ilikuwa yangu kwa makubaliano. Waliokuwepo ni yule wa boda, ambaye alilala kabla hata sijachomeka waya, na mama mmoja na mtoto wake mchanga aliyekimbia jua, sawasawa na alivyosema yule bwana. Nilipanga benchi zilizokuwa zimepangwa tayari. Nikafuta projekta isiyo na vumbi. Niliwaza, basi, hivi ndivyo inavyokwisha, na hata haikwishi kwa vita.

Ndipo mlango wa banda ukajipiga ukutani.

Nilitoka nje. Upepo ulikuwa umegeuka, na juu ya vilima vya Gwassi kulikuwa na wingu jeusi tii, linakuja bila adabu. Ufukoni kelele zilikuwa zimeanza. Mvua ikipiga omena iliyokauka nusu, kazi ya siku nzima imekwenda. Wachuuzi huirundika na kuifunika kwa turubai, lakini ikifunikwa ingali mbichi inashika joto, inavunda, na jioni unaiuza iwe chakula cha kuku. Wanawake walikuwa wanakimbia huku na huku wanavuta nyavu, wengine wanamwita Mungu, wengine wanawaita watoto.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilipiga kelele, "Leteni ndani! Banda liko wazi! Leteni omena ndani!"

Dani alisimama na kona ya wavu mkononi akanikazia macho. "Bandani kwa yule mtu?"

"Leo si kwake. Leo ni kwangu!"

Hakuuliza mara ya pili. Aliwapigia wenzake ukelele, na wakaja. Kila wavu watu wanne, wameshika pembe, kama wanaobeba mgonjwa kwa blanketi. Mimi na yule wa boda, ambaye sasa alikuwa ameamka kwa nguvu, tulisukuma benchi zote hadi ukutani. Wakatandaza kuanzia chini ya skrini hadi mlangoni, saruji haikuonekana tena, wakaikung'uta na kuitawanya vizuri ipate hewa. Wavu wa mwisho uliingia na matone ya kwanza. Kisha mvua ikaanguka juu ya mabati, na ukitaka kumwambia mtu kitu ulikuwa huna budi kumshika sikio.

Banda lilijaa. Lilijaa harufu kwanza, harufu inayokuchapa kofi, halafu likajaa wanawake. Walikaa kwenye benchi ukutani, juu ya makreti, wengine chini kando ya nyavu zao wamenyoosha miguu, mikono bado inageuza yenyewe. Walikuwa wamelowa na wanacheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Dani alichukua kiti changu, benchi la pili. Nilimwachia.

"Sasa nyar Migori," akapaza sauti, "hicho kitambaa cheupe ni cha kuangaliwa au ni pazia la chumbani?"

Nikabonyeza.

Spika yangu haikufua dafu mbele ya ile mvua, lakini ingekuwa na faida gani, lugha yenyewe hakuna aliyeijua. Ilibidi mtu asimame asome yale maandishi ya Kizungu, ayageuze, apige kelele. Nilishika maikrofoni ya mechi nikasimama kando ya skrini. Sikuwahi kufanya hivyo maishani. Nilianza kama wale ma-DJ, nikatia mzaha hapa, nikaiga sauti pale.

"Wacha mchezo!" dani akanikata. "Huyo mwanamke amefiwa."

Nikaacha mchezo. Nikawaambia tu, kwa Kiswahili na Kijaluo, vile mambo yalivyokuwa.

Kijana amekufa mbali, kwenye kazi ya kujenga bwawa. Mama yake na mke wake wamesafiri kumfuata. Wakubwa wa kazi wanawaambia, mzikeni hapa, makaburi yapo, padri yupo. Mama anasema hapana, mtoto wangu hatalala kwa watu. Ni hapo tu, kwenye neno hilo, ndipo mikono iliacha kugeuza omena. Niliona kwa macho yangu. Huku kwetu nani anahitaji kuelezwa? Mtu anazikwa kwao. Akifia Mombasa, akifia Ulaya, tutachanga hadi senti ya mwisho na atarudi. Filamu ya watu wa baridi, hawajui ugali, na jambo lao ni letu.

Gari hakuna. Wanachukua mkokoteni wa kuuzia kabeji, wanafunga jeneza juu, wanaanza kuvuka milima. Na hawa wawili, mama na mke, hawapatani. Hawasemezani! Mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na kila wakisimama wanagombea nani akae upande wa kichwa cha marehemu.

"Huyo mama mkwe namjua!" mtu akapiga kelele kutoka ukutani.

"Ni wangu huyo! Amefikaje huko?"

Wakacheka, na waliokuwa mama wakwe wakajibu kwamba wake wa siku hizi wangeachwa na mkokoteni hapo hapo. Kukawa na pande mbili bandani, moja ya mama, moja ya mke, na mimi katikati na sauti inayokatika. Askari wa kizuizi cha barabarani alipowaambia waligeuze jeneza warudi nalo, pande zote mbili ziliungana kumtukana. Sijawahi kusikia askari akitukanwa hivyo, na matusi hayo sitayarudia, mimi bado nashona sare.

Kisha wanafika mtoni. Daraja limechukuliwa na mafuriko. Na hapo mama, yule aliyeanzisha safari, anakaa kwenye matope anasema, basi, tumzike hapa. Mke anafungua kitambaa chake cha kichwa, anajifunga kiunoni na mkokoteni, anaingia majini. Maji yanafika magotini. Yanafika kiunoni. Yanafika kifuani, na jeneza linaanza kuelea upande.

Hapo ndipo niligundua kwamba nasikika bila kupiga kelele. Mvua ilikuwa imekwisha.

"Jua!" mtu akaita kutoka mlangoni. "Jua limerudi!"

Wote walisimama pamoja. Moyo wangu ulianguka, lakini ningewalaumu vipi? Omena ni karo, ni unga, ni maisha. Dani alikuwa tayari ameshika pembe ya wavu wake aliponigeukia na kidole juu.

"Simamisha! Simamisha hapo hapo. Huyo mke asisogee."

Nikasimamisha. Wakabeba nyavu, wanne wanne, wakatoka. Banda likabaki na magamba sakafuni, harufu, na mwanamke amesimama ndani ya mto hadi kifuani, anangoja. Nilingoja naye.

Aliyeingia alikuwa mwenye banda. Alikuwa na mabuti ya mpira na tabasamu dogo. Alitazama sakafu yake, akatazama benchi tupu, akanitazama mimi.

"Nimeambiwa mlijaa," akasema.

"Tulijaa."

"Na sasa?"

"Wameenda kuanika. Watarudi."

"Dada yangu." Alisema kwa huruma, na afadhali angenitukana. "Walikimbia mvua. Mtu akipata jua, haachi omena arudi kuangalia mkokoteni."

Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Akaenda kwenye projekta kuizima, akasimama mbele ya mwanga, na ule mto wote ukapita juu ya shati lake.

"Usiguse," nikamwambia. Sauti ilitoka imepasuka, nusu yake hewa.

"Imekwisha, madam. Tusitesane."

"Wewe!"

Alikuwa dani, mlangoni, miguu imejaa tope, anajifuta mikono kwa leso. "Wewe, toka hapo! Huoni unamzuia mke wa watu asivuke?"

Na nyuma yake wakaingia. Aki ya Mungu, waliingia! Waliingia wale wote waliotoka, na wengine ambao hawakuwepo, kwa maana huko nje wakitandaza walikuwa wanasimuliana, na wa ng'ambo ya pili ya ufuko walisikia habari za mto wakaja kuona kama atavuka. Benchi zikajaa. Sakafu ikajaa. Waliokosa pa kukaa walisimama ukutani na mlangoni, na wengine wakachungulia madirishani.

"Na omena mmemwachia nani?" mwenye banda akauliza, sauti imebadilika.

"Wenye mitumbwi," dani akasema, akikaa. "Tumewaamsha."

Nilichungulia nje. Ni kweli. Wavuvi wazima, wanaume waliokesha ziwani, walikuwa wamesimama ufukoni na fimbo, macho mekundu, wanafukuza kuku. Nilitaka kulia na nilitaka kuruka juu, vyote pamoja.

"Rudisha nyuma kidogo," mmoja akasema. "Hawa hawakuona akijifunga."

Nikarudisha nyuma kidogo. Akajifunga, akaingia majini, na mama mkwe akainuka matopeni akaingia nyuma yake, akashika jeneza kwa kifua. Wakavuka. Ungesikia banda lile ungedhani ni penalti ya fainali. Watu walishikana mikono. Mwenye banda alikuwa amesukumwa hadi kwenye kreti karibu na skrini, na hakuna aliyemwuliza kama anaona vizuri.

Mwishoni wanafika kwao. Kaburi limechimbwa. Watu wanawapokea mkokoteni, na wale wawili wanabaki wamesimama, mikono mitupu, hawajui wafanye nini nayo. Mama anamtazama mke. Ni mara ya kwanza anamwita. Anasema maneno machache tu, na ilibidi niyageuze mimi, na sauti yangu ilikuwa uzi.

"Binti yangu," nikasema. "Umechoka. Kaa."

Kisha dani akapiga nduru, ile ya msiba, ndefu, inayopanda. Wengine wakaidaka. Banda zima la mabati likalia kwa marehemu wa nchi ya baridi, na mimi nililia na maikrofoni mdomoni. Huko nje wale wavuvi walisikia wakaja mbio na fimbo zao, wamechanganyikiwa.

"Nani amekufa? Nani?"

"Mtoto wa huyu!" dani akasema, akimwonyesha yule mama kwenye skrini.

Na wale wanaume, sikudanganyi, walivua kofia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea na omena ilitaka kukusanywa. Walitoka wakipita kwangu mmoja mmoja, kila mtu na lake. Mmoja alinishika shavu kwa mkono wenye magamba. Mmoja alisema anaenda kumpigia mama mkwe wake simu, ingawa hajui atamwambia nini. Dani alisema nimesoma vizuri, ila yule askari nilimtafsiri kwa upole. Nilichukua ufagio, nikaanza kufagia sakafu, nikingoja mwenye banda aseme jambo kuhusu saruji yake na harufu yake.

Alikuwa bado kwenye kreti. Hakuwa ameondoka hapo tangu asukumwe.

"Jumapili ni yako," akasema.

"Najua," nikamwambia.

Akakwaruza tope kwenye buti lake. "Huyo kijana. Alikufaje? Mimi mwanzo sikuuona."

Nikaacha ufagio. Nikarudisha filamu hadi mwanzo kabisa, kwenye bwawa, kabla ya safari. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, kwa hivyo nilivuta benchi nikakaa karibu naye nimsimulie kwa kunong'ona. Tulikuwa sisi wawili tu, na nyuma yetu banda tupu. Mama alipofika na kuuliza mwanawe yuko wapi, mwenye banda alinipungia mkono bila kugeuza kichwa.

"Funga mlango," akasema. "Mwanga unaingia."